Kabla na Baada ya Alhamisi Nyeusi: Ninavyofundisha Chanzo cha Mdororo Mkuu

Mwulize mwanafunzi wa historia chanzo cha Mdororo Mkuu wa Uchumi, hatahitaji hata kufikiri. Atakuandikia: kuanguka kwa soko la hisa la New York, uzalishaji uliopita kiasi, madeni ya Vita Kuu ya Kwanza, ushuru wa forodha, kufilisika kwa benki. Pointi tano, kila moja na mistari yake miwili ya maelezo, na mwalimu atatia vyema tano. Nimesahihisha insha za namna hiyo mpaka nikazizoea, na hakuna pointi hata moja kati ya hizo iliyo ya uongo. Tatizo ni kwamba unaweza kuzichanganya kama karata, ya tano ikawa ya kwanza na ya kwanza ikawa ya tatu, na insha isiharibike popote. Insha ya namna hiyo imetaja mambo, lakini haijaeleza lolote.

Kwa hiyo somo langu huanza kwa kulikata swali vipande viwili. Kwa nini uchumi wa Marekani ulianza kushuka mwaka 1929? Na kwa nini uliendelea kushuka hadi Machi 1933? Swali la kwanza ni jepesi kuliko wanavyodhani. Uchumi hushuka mara kwa mara. Mwaka 1920 na 1921 Marekani iliporomoka vibaya, bei zikaanguka, viwanda vikapunguza watu, na baada ya mwaka mmoja na nusu hivi mambo yakatengemaa. Leo nani anakumbuka mdororo wa 1921? Mgonjwa wa 1929 hakuwa wa kwanza kuugua. Tunachotafuta ni kwa nini huyu hakupona.

Soko la hisa nalimaliza mapema, na hapo huwa napambana na picha zilizomo vichwani mwao. Wanafika darasani wakiwa na hakika kwamba Alhamisi Nyeusi, tarehe 24 Oktoba 1929, watu walitajirika asubuhi wakawa maskini jioni, na kwamba mabwana waliovaa suti walikuwa wakijirusha kutoka ghorofani mmoja baada ya mwingine. Hiyo ya kujirusha imetiwa chumvi mno. Vifo vya kujiua jijini New York vilikuwa vichache zaidi vuli ile kuliko kiangazi kilichotangulia. Na waliokuwa na akaunti kwa madalali wa hisa walikuwa takriban milioni 1.5, katika nchi ya watu kama milioni 120. Wengi wao, kweli, walinunua kwa mkopo: unatoa dola 10 za kwako, dalali anakukopesha 90, na hisa zenyewe ndizo dhamana. Bei ikishuka kidogo, dalali anakutaka uongeze fedha, huna, anaziuza hisa zako, bei inashuka zaidi, jirani yako naye anapigiwa simu. Jumanne ya tarehe 29 hisa zaidi ya milioni 16 zilibadilisha mikono kwa siku moja.

Halafu nachora kwenye ubao kitu ambacho hakiwafurahishi. Kipimo cha Dow Jones, kinachofuatilia bei za hisa za kampuni kubwa za Marekani, kilikuwa 381 tarehe 3 Septemba 1929. Katikati ya Novemba kilikuwa kimeshuka hadi 198, karibu nusu. Lakini Aprili 1930 kilikuwa kimepanda tena kufikia karibu 294. Mtu aliyelala Oktoba na kuamka Aprili angedhani kuna dhoruba ilipita na jua limerudi. Shimo lenyewe, 41, lilifikiwa Julai 1932, karibu miaka mitatu baada ya ile Alhamisi. Tena uzalishaji wa viwandani ulikuwa umeanza kulegea tangu Agosti 1929, kabla soko halijaanguka, na mwezi huohuo Benki Kuu ya Marekani, yaani Federal Reserve, ilikuwa imepandisha riba jijini New York hadi asilimia 6 ili kuwapoza walanguzi wa hisa. Kwa kalenda hiyo, soko la hisa haliwezi kuwa mama wa kila kitu. Liliwatia watu hofu, likawafanya waahirishe kununua gari na redio, likawaumiza waliokopa. Limeshiriki, sikatai. Lakini halitufikishi 1933, wakati karibu mfanyakazi mmoja kati ya wanne alikuwa hana kazi.

Kalenda, kwa kweli, ndiyo kifaa changu kikubwa. Kuna wanaoandika kwamba vumbi la nyanda za kati, zile dhoruba nyeusi zilizofunika Oklahoma na Kansas, ni chanzo cha Mdororo. Naandika ubaoni siku ya dhoruba mbaya kuliko zote: Jumapili Nyeusi, Aprili 1935. Sihitaji kuongeza neno.

Pointi ya uzalishaji uliopita kiasi ndiyo iliyowahi kunipa swali zuri kuliko yote. Binti mmoja aliyekaa nyuma aliuliza, bila ubishi wowote, kama mtu anayeomba kuelekezwa njia: "Mwalimu, chakula kikizidi, njaa inatoka wapi?"

Swali hilo ukilipa nafasi linabeba somo zima. Maana ni kweli kabisa kwamba chakula kilizidi. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza mashamba ya Ulaya yalisimama, wakulima wa Marekani wakaambiwa walime, wakakopa wakanunua ardhi na matrekta. Vita vikaisha, Ulaya ikarudi shambani, bei zikaanza kushuka, na deni likabaki palepale. Miaka ya 1920 inayosimuliwa kama miaka ya muziki na magari mapya ilikuwa miaka ya mnada kwa wakulima wengi. Ilipofika 1932, ngano iliyouzwa karibu dola 1 kwa busheli, kipimo cha nafaka cha Kimarekani, mwaka 1929 ilikuwa chini ya senti 40. Brazili ilikuwa ikiteketeza kahawa kwa mamilioni ya magunia, nyingine ikitiwa kwenye matanuri ya treni badala ya makaa. Mwaka 1933 serikali ya Marekani yenyewe ililipa wakulima ili nguruwe wadogo kama milioni 6 wachinjwe bei ipande. Na mijini watu walikuwa kwenye foleni za mkate.

Kwa hiyo namrudishia binti swali lake: ngano ipo, mwenye njaa yupo, treni ya kuisafirisha ipo, mwokaji yupo na tanuri lake. Ni kitu gani hakipo? Darasa huchukua muda, lakini hufika. Pesa. Basi pesa imekwenda wapi?

Hapo ndipo tunapocheza benki. Vijana kumi wanakuwa wateja, kila mmoja na vipande kumi vya karatasi. Mmoja anakuwa mwenye benki. Wateja wanaweka karatasi zao zote, jumla 100. Mwenye benki anabakiza 20 kwenye droo, anakopesha 40 kwa mkulima na 40 kwa mwenye kiwanda, kwa riba. Nasimamisha mchezo na kuuliza kila mtu ana kiasi gani. Wateja wanasema wana 100, ziko benki. Mkulima na mwenye kiwanda wanasema wana 80, hizi hapa mkononi. Naandika ubaoni: 180. Wenye macho wanaanza kucheka, maana wanajua niligawa 100 tu.

Kisha namwinamia mteja mmoja na kumnong'oneza kwamba nimesikia benki haiko vizuri. Sisemi zaidi. Ananyanyuka kwa aibu kidogo, anachukua 10 zake. Wa pili anamwona, anachukua 10. Wa tatu anakuta droo tupu, na hapo kelele zinaanza. Mwenye benki anakimbilia kwa mkulima kudai mkopo kabla ya wakati wake. Mkulima anasema amekwisha nunua mbegu. Inabidi auze alichonacho, kwa bei yoyote, na mwenye kiwanda naye anauza siku hiyohiyo. Nani anunue? Kila aliyepata karatasi zake amezikumbatia. Ukifika mwisho wa mchezo, hata ikitokea mikopo yote imerudi na kila mteja amelipwa, karatasi zilizopo mikononi mwa watu ni 100. Ubaoni bado pameandikwa 180. Hakuna aliyeiba, hakuna karatasi iliyochanwa. Themanini zimeyeyuka kwa sababu tu watu waliacha kuaminiana.

Safari moja niliweka benki ya pili upande wa pili wa darasa, sikumnong'oneza mtu yeyote kule. Wateja wake waliinuka wenyewe. Nilipomuuliza mmojawao kwa nini ameamini uvumi alinijibu, "Uvumi sikuuamini, mwalimu. Niliamini foleni." Nimekaa na wachumi wa vitabuni muda mrefu na sijawahi kuona maelezo mafupi kuliko hayo. Aliyekimbia hakuwa mjinga. Ukijua wenzako watakimbia, busara ni kuwahi; na kila mmoja akiwa na busara hiyo, benki nzima na mbovu zinaanguka pamoja.

Baada ya mchezo, Bronx, sehemu ya jiji la New York, haiwi jina la mbali tena. Tarehe 10 Desemba 1930, kwenye tawi moja la Bank of United States, uvumi ulienea kwamba mfanyabiashara mdogo alitaka kuuza hisa zake za benki hiyo akazuiwa. Hadi mchana watu walikuwa wamejaa nje, jioni maelfu, polisi wakaitwa. Inasimuliwa kwamba mtu mmoja alipanga foleni kwa muda wa saa mbili kutoa akiba yake yote, dola 2. Kesho yake benki ilifungwa. Ilikuwa benki ya watu binafsi, yenye wateja zaidi ya 400,000, wengi wao wahamiaji na mafundi wa viwanda vya nguo, ila kwa jina lake kuna walioamini, hasa nje ya nchi, kwamba benki ya serikali ya Marekani imefilisika. Mabenki makubwa ya jiji yalikaa kikao kujadili kuiokoa, yakashindwa kukubaliana. Viongozi wake hawakuwa malaika, na wawili walifungwa jela. Lakini hesabu zilipokuja kumalizika miaka baadaye, wenye amana walirudishiwa zaidi ya senti 80 kwa kila dola. Haikuwa tupu kiasi cha foleni ile.

Mwezi mmoja kabla yake, kampuni ya fedha ya Caldwell ya Nashville ilikuwa imeanguka na kuvuta benki nyingi za majimbo ya kusini. Kati ya 1930 na 1933 benki za Marekani kama 9,000 zilifungwa, nyingi zikiwa ndogo za vijijini zenye tawi moja na wateja ambao wote walilima zao lilelile. Kiasi cha pesa katika nchi kilipungua kwa karibu theluthi moja. Hizo ndizo zile 80 zetu. Na pesa ikipungua hivyo, bei hushuka, ila deni halishuki. Mkulima aliyekopa dola 1,000 wakati busheli ilikuwa dola 1 alikuwa anadaiwa busheli 1,000; kwa bei ya 1932 alidaiwa zaidi ya 2,500. Amelima kwa bidii ileile, mvua ileile, na deni limezidi kuwa mara mbili na nusu bila kukopa tena hata senti. Irving Fisher, mchumi aliyejiaibisha Oktoba 1929 kwa kutangaza kwamba bei za hisa zimefika uwanda wa juu wa kudumu, aliandika juu ya mzunguko huu mwaka 1933: kila watu wanavyouza ili kulipa deni, ndivyo bei zinavyoshuka na deni linavyozidi uzito. Simpendi sana kwa utabiri wake wa kwanza, lakini kwa hili nampa haki yake. Wanafunzi wangu wao hupenda zaidi minada ya senti: majirani wa mkulima aliyefilisiwa wanajaa uwanjani, wanataja senti chache kwa trekta, mgeni akijaribu kupandisha dau anaangaliwa kwa jicho ambalo halihitaji tafsiri, na vitu vyote vinarudishwa kwa mwenyewe.

Swali linalofuata huja lenyewe. Benki Kuu ilikuwa wapi? Ilianzishwa mwaka 1913 kwa ajili ya siku kama hizo hasa. Wachumi Milton Friedman na Anna Schwartz mwaka 1963 waliishtaki waziwazi: ilikaa ikitazama pesa inayeyuka. Mwaka 2002, kwenye sherehe ya Friedman kutimiza miaka 90, Ben Bernanke, akiwa mjumbe wa bodi ya benki hiyohiyo, alisimama akakiri kwamba ndivyo ilivyokuwa, akaomba radhi kwa niaba yake. Darasa hufurahia sana kusikia taasisi ikiomba msamaha miaka 70 baadaye. Lakini sitaki waondoke na dhana kwamba ofisi ile ilijaa wajinga, na hapo lazima niingie kwenye dhahabu, sehemu ngumu kuliko zote kufundisha.

Nchi nyingi kubwa zilikuwa zimefunga sarafu zao kwa dhahabu. Ukiwa na dola unaweza kudai dhahabu kwa kiwango maalumu, na benki kuu lazima iwe nayo. Dhahabu ikitoka nje, unapandisha riba ili ivutike kurudi, hata kama kupandisha riba kunawanyonga watu wako. Uingereza ilirudi kwenye mfumo huo mwaka 1925, Winston Churchill akiwa waziri wa fedha, kwa thamani ya kabla ya vita, na mchumi John Maynard Keynes akalalamika hadi sauti ikakauka. Mei 1931 benki kubwa ya Austria, Creditanstalt ya Vienna, ilitangaza hasara kubwa. Hofu ikavuka hadi Ujerumani, ambayo kwa miaka ilikuwa ikikopa Marekani ili ilipe fidia za vita kwa Ufaransa na Uingereza, nazo zikilipa madeni yao Marekani. Julai mabenki ya Ujerumani yakafungwa. Tarehe 21 Septemba Uingereza ikaachana na dhahabu. Wenye dola nao wakaogopa kwamba Marekani itafuata, wakadai dhahabu yao, na Oktoba 1931 Federal Reserve ikapandisha riba kutoka asilimia 1.5 hadi 3.5, benki zikianguka kila upande.

"Walikuwa na akili kweli?" huuliza mtu kila mwaka. Walikuwa nazo. Walifuata kanuni waliyofundishwa kuwa ndiyo uaminifu wenyewe wa serikali. Naweka ubaoni safu ya nchi na mwaka zilipoacha dhahabu: Uingereza 1931, Japani mwisho wa 1931, Marekani 1933, Ufaransa 1936. Kando yake naweka mwaka uchumi ulipoanza kuinuka. Safu hizo mbili zinafuatana karibu sambamba, na Hispania, ambayo haikuwa imejifunga kwa dhahabu, haikupata kipigo cha kiasi hicho. Katika kila nilichowahi kuandika ubaoni kuhusu Mdororo, huo ndio ushahidi ninaouamini zaidi.

Ushuru wa forodha wa Smoot-Hawley, uliopandisha kodi ya bidhaa za kutoka nje, ambao Rais Herbert Hoover alitia saini Juni 1930 licha ya wachumi 1,028 kumsihi aukatae, unapewa maksi nyingi kuliko unavyostahili. Ulikuwa uamuzi mbovu, Kanada na wengine wakalipiza, na biashara ya dunia ikasinyaa hadi theluthi moja ya thamani yake ya awali. Ila bidhaa za kuuza nje zilikuwa karibu asilimia 5 tu ya uchumi wa Marekani, na sehemu kubwa ya kusinyaa huko ilitokana na watu kukosa pesa na bei kuanguka. Unatosha kuuzidisha ugonjwa, hautoshi kuua.

Hoover mwenyewe wanafunzi wanamtaka awe mwovu wa hadithi, aliyekaa akikunja mikono. Hakukaa. Aliwasihi wenye viwanda wasipunguze mishahara, aliahirisha madai ya madeni ya vita Juni 1931, alianzisha shirika la kukopesha mabenki mwaka 1932. Na mwaka huohuo, akitaka hesabu za serikali zilingane, alipandisha kodi, ya matajiri wakubwa kutoka asilimia 25 hadi 63, katikati ya shimo. Mtu mchapakazi anayechimba upande usiofaa ni mgumu kufundisha kuliko mvivu, kwa hiyo vitabu vingi vimemfanya mvivu.

Swali la mtihani ninalowapa mwishoni halina neno "taja". Tarehe 6 Machi 1933 rais mpya, Franklin Roosevelt, siku mbili tu baada ya kuapishwa, alifunga benki zote za nchi. Tarehe 12 usiku alizungumza redioni akaeleza, kwa maneno ya kawaida, jinsi benki inavyofanya kazi na ni zipi zitafunguliwa. Kesho yake zilipoanza kufunguliwa foleni zilirudi, safari hii za watu wanaoweka. Ndani ya wiki mbili zaidi ya nusu ya pesa zilizokuwa zimefichwa majumbani zilikuwa zimerejea. Bima ya amana ilikuwa bado haijaanza; ingekuja Januari 1934, kwa dola 2,500 za kwanza. Swali langu ni hili: kama kauli ya wiki moja iliweza kuirudisha pesa, kwa nini haikutolewa Desemba 1930?

Majibu hugawanyika. Wapo wanaosema isingefaa, kwa sababu mwaka 1930 dhahabu bado ilikuwa imewafunga mikono, na Roosevelt alikuwa ameanza kuifungua. Wapo wanaosema Hoover alikuwa amekwisha kosa masikio ya watu. Yule binti wa swali la njaa aliandika kurasa tatu kudai kwamba mwaka 1930 hakuna aliyejua bado kwamba hii si 1921, na kwamba daktari hawezi kulaumiwa kwa kutotumbua jipu ambalo siku ya kwanza lilionekana kama chunusi. Hakugusa foleni ya Bronx hata kwa mstari mmoja, nami nilimwandikia pembeni kwa wino mwekundu kwamba Desemba 1930 wale watu maelfu walikuwa wamesimama barazani mwa daktari. Alikata rufaa. Tunalijadili wiki ijayo.